Mwalimu Asiyesimulia Mwisho

Wakianza kumsifu Mwalimu mbele yangu, mimi hunyanyuka nikaenda kuangalia chungu jikoni, hata kama sijainjika kitu. Wa kumsifu wapo wengi. Wengine sasa ni wauguzi, wengine walimu, mmoja anapiga taipu ofisini kwa Bwana Shauri, yule afisa wa wilaya, na wakikutana pale sokoni Tabora huambiana kwamba kama si Mwalimu wasingefika. Mimi nasema kama si Mwalimu ningefika. Kwa hiyo habari zake acha niziandike mimi mwenye hasira, maana wenye mapenzi wameshasema yao.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo siandiki. Hakutuambia sisi wasichana wake wa bwenini, na waliojaribu kuchunguza walirudi na majibu yasiyofanana. Ninachokijua vizuri ni viatu vyake. Mwanamke yule alivaa viatu vya kiume, vyeusi, vya kamba, vyenye soli ya tairi, na darasa zima tulimsikia kabla hajaifikia kona ya bweni. Chaki aliziloweka kwenye kikombe cha maji ili vumbi lisimkere kifua. Akisahihisha alikuwa anatafuna michembe, vile viazi vikavu ambavyo wengine hawavigusi mpaka vichemshwe, yeye anavitafuna hivyohivyo kama njugu. Madaftari yetu yalirudi na unga wa viazi katikati ya kurasa.

Hakupiga mtu. Ukisoma vibaya alikwambia, "Rudi juu." Unaanza tena tangu neno la kwanza. Ukikosea tena, "Rudi juu." Niliona msichana akilia kwa ajili ya ukurasa mmoja, na Mwalimu anamsubiri, anatafuna, hana haraka. Yule aliyelia ndiye huyo wa taipu.

Alitufundisha kusema na wakubwa uso ukiwa juu. "Usiongee na sakafu," alikuwa anatuambia. "Sakafu haijakuuliza kitu." Sisi wa vijijini tulishalelewa kupiga goti na kuangalia chini, kwa hiyo tulijizoeza bwenini, mmoja anajifanya padri na mwingine anamtazama machoni mpaka wote wanaangua kicheko. Lakini mkuu wa shule, mama wa Kizungu, akiingia darasani, Mwalimu mwenyewe aliangalia viatu vyake. Kila mara. Anajibu "Ndiyo, Mama," huku anazungumza na zile kamba. Tuliona, tukanyamaza, kwa sababu tulimpenda. Nami nilimpenda, nisidanganye.

Ng'ombe aliwaogopa kupita kiasi. Hapa kwetu, nchi iliyojaa ng'ombe. Tukitoka matembezi ya Jumapili na kundi likatokea njiani, alijificha nyuma ya msichana mfupi kuliko wote, eti anamlinda.

Sasa nifike kwenye kitabu.

Tukiwa darasa la kumi ilikuja riwaya ya kusoma, habari za msichana anayeitwa Mwamini tangu anavunja ungo mpaka anakuwa mtu mzima. Darasa letu lilikuwa dogo, ila hata hivyo kitabu kimoja kisingetutosha, na kilichokuja kilikuwa kimoja tu. Mwalimu hakulalamika. Alichukua mkasi akakikata mgongo, akazitenganisha sura, kisha akaketi na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akashona kila sura peke yake na kuitilia jalada la kipande cha kitambaa cha merikani. Likizo ilipofika kila msichana akapewa sura yake moja. Kazi yetu ilikuwa hii: nenda nayo nyumbani, wasomee watu wa nyumba yenu kwa sauti, kisha leta walichosema. Walichosema wao, si unachofikiri wewe.

"Na asiyejua kilichotangulia, Mwalimu?" mmoja akauliza.

"Atauliza jirani," akasema. "Ndivyo watu wanavyojua mambo."

Akatukumbusha na sheria yake, ambayo tuliijua tangu darasa la tisa: mwisho hausimuliwi. Aliyepata sura ya mwisho alikuwa rafiki yangu wa Lusu, huko Nzega, akaapishwa. Mwaka uliotangulia msichana mmoja alitupasulia mwisho wa hadithi nyingine, na Mwalimu akamkalisha barazani mpaka kengele. "Umewanyang'anya wenzako," alimwambia. Mambo mengine yote Mwalimu alikuwa mtu wa kulegeza. Ukichelewa atakusamehe, ukilala darasani atakufunika na kanga yake. Hilo moja hakulegeza.

Tuliporudi kutoka likizo tulisoma majibu, na sijawahi kucheka vile shuleni. Mwalimu aliugawa ubao katikati, wanaomtaka Mwamini huku, wasiomtaka kule. Bibi mmoja wa Igunga alisema msichana huyo ni mvivu, yeye kasomewa kurasa zote zile na hajamsikia akitwanga hata mara moja. Babu wa mwingine alipata sura ya mahari, akamsifu baba yake Mwamini kuwa ni mtu mwenye msimamo, ila akataka kujua ng'ombe wenyewe ni wa rangi gani, maana kama mwandishi hakuwaona basi anasema uongo. Mzee mmoja wa Kimoraviani aliuliza mbona tangu asubuhi mpaka jioni nyumba ile haisali. Shangazi wa mjini alilia, akataka aambiwe Mwamini anakaa kijiji gani ampelekee kitenge. Na mama wa msichana wa Sikonge alisikiliza sura ya kuvunja ungo yote, kisha akasema, "Hii kaandika mwanamume," akaendelea kupepeta.

Mwalimu alifurahi mpaka akasahau michembe yake. "Mnaona?" akatuambia. "Mji mzima unagombana kwa ajili yake."

Sikuona siku ile, nikaja kuona baadaye. Hawakuwa wanagombana kwa ajili ya kitabu. Kila nyumba ilikuwa na Mwamini wake: huku mtoto, kule mchumba, kwingine mtoro. Kila nyumba ilikuwa sahihi juu ya sura yake, na kitabu chenyewe hakuna aliyekisoma. Mkasi ule ndio uliofanya hivyo.

Sura yangu mimi ilikuwa ya kutoroka.

Nilimsomea baba pale kwetu Kwihara, ukumbini, mchana wa Jumapili baada ya misa. Baba ni mkulima na mrina asali, kusoma anajua ila macho yanamsumbua, na alipenda nisome nikiwa nimekaa karibu yake. Nikasoma jinsi Mwamini anavyoivua shanga ya uchumba akaiacha juu ya kinu, anavyopita nyuma ya zizi, anavyoishika njia kuu. Sura ikaisha yuko njiani.

"Halafu?" baba akauliza.

"Imeishia hapo, baba. Nyingine iko kwa mwenzangu."

"Anakwenda wapi?"

"Sijui, baba."

Hakusema neno. Maoni yake nikaandika, "Alinyamaza," na Mwalimu akanipa alama nzuri kwa hilo.

Lakini baba hakuwa amenyamaza, alikuwa anatafuta. Jumapili iliyofuata, nikiwa nimesharudi shule, alimkuta kanisani jirani yetu mmoja ambaye binti yake alipewa sura ya baadaye. Sura hiyo inasema Mwamini anaishi mjini nyumbani kwa fundi cherehani, anamfulia, anampikia. Baba akaunga. Mwisho wa sura yangu msichana yuko njiani, mwanzo wa sura ya jirani yuko nyumbani kwa mwanamume. Katikati yake kulikuwa na sura nyingine, iliyosomwa Urambo, ambayo mimi niliijua niliporudi shule, inayoeleza kwamba fundi yule ni mume wa mama yake mdogo na mama mdogo mwenyewe yupo, anaumwa. Baba atajuaje ya Urambo?

Alikuja shuleni kwa baiskeli, amevaa koti lake la kanisani. Niliitwa ofisini. Mkuu wa shule hakuwepo, alikuwepo Mwalimu peke yake.

"Mwangaluka, Mwalimu," baba akaanza kwa Kinyamwezi, kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa kuwa jambo lilikuwa zito. "Nimekuja kwa kitabu. Binti yangu kanisomea mtoto anatoroka kwa baba yake. Jirani kasomewa mtoto huyohuyo anakaa na mwanamume. Nauliza, ndiyo mnayowafundisha?"

"Baba, ni mume wa mama yake mdogo," nikasema, uso juu, kama nilivyofundishwa.

"Wewe ulisema hujui. Leo umejua?" Akamgeukia Mwalimu. "Nijibu wewe."

"Ni kweli, Mzee," Mwalimu akasema. "Ni mume wa mama yake mdogo. Na mama mdogo yumo humo nyumbani. Pole, ulipata vipande vya hapa na pale."

Baba akakaa. Nataka ieleweke kwamba alikaa. Alikuja amesimama, akavuta kiti, akakaa, akaweka kofia juu ya goti. Nilimwona bega linashuka. Ilikuwa imebaki kidogo tu aridhike.

"Haya," akasema. "Hilo nimelipokea. Sasa niambie, mwishowe inakuwaje kati yake na baba yake?"

"Sura ya mwisho iko Lusu, Mzee. Mvua zimekata barabara, mwenye nayo hajafika. Akifika, binti yako atakuja kukusomea."

"Lakini wewe umeisoma."

"Nimeisoma."

"Basi niambie."

Mwalimu akaangalia viatu vyake. "Mwisho sisimulii, Mzee."

Nilimtazama. Nilidhani anatania. Nikasema, "Mwalimu, mwambie." Hakuinua uso. Nikasema tena, "Mwalimu, tafadhali mwambie tu."

"Mwache afikiri," akasema.

Mimi mwisho nilikuwa siujui. Ningeujua ningeusema nikakalishwe barazani mpaka mwaka uishe. Na akili ya kuutunga sikuwa nayo, hilo nimelifikiria mara nyingi nikiwa natwanga.

Baba alisubiri. Kisha akavaa kofia. "Ungekuwa mwisho mzuri," akasema taratibu, "ungesema." Akaniambia nikalete sanduku langu.

Tulirudi Kwihara ile njia ya zamani ya misafara, yeye anasukuma baiskeli na sanduku la bati limefungwa kwenye keria, mimi nyuma. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kushika.

Niliolewa kabla wenzangu hawajafanya mtihani. Mume wangu ni karani wa ghala la karanga, si mtu mbaya, na sitaki aonekane mbaya hapa. Rafiki yangu wa Lusu alikuja arusini, na ndiye aliyenisuka. Nikiwa nimekaa katikati ya miguu yake nikamuuliza, "Ile sura yako iliishaje?"

"Nimeapishwa," akacheka.

"Mimi nimetolewa shule. Sema."

Akasita na kitana mkononi. "Anarudi. Baba yake anaugua, anarudi kumuuguza, wanapatana. Anakuwa mkunga kijijini kwao. Kwa nini, hukuambiwa?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka shangazi zangu wakapiga vigelegele huko nje, wakidhani ni furaha ya bibi arusi. Kitabu kile kilikuwa kitabu cha baba. Kingeweza kuandikwa na baba mwenyewe. Rafiki yangu akasema yeye aliona ni mwisho mtamu, wamesomewa kwao na mama yake akaomba kurudiwa. Mimi nikamwambia huyo Mwamini ni mjinga. Tukabishana juu yake hadi nywele zikaisha, na ndiyo siku pekee niliyowahi kufanya kazi ile ya Mwalimu sawasawa.

Baada ya hapo kwetu nikapunguza kwenda. Kwihara si mbali na mjini, mtu anakwenda na kurudi kabla mboga haijakauka. Nilijifungua, mama akaja kwangu, baba hakuja, nami sikumpelekea mtoto.

Mwaka huu mdogo wangu amemaliza darasa la nane na amechaguliwa kuendelea, shule ileile. Mama akanijia analia. Baba amekataa. Kasema, "Kitabu kile kilishapita nyumba hii." Nikamwagiza mama amwambie kwamba msichana wa kitabuni alirudi kwa baba yake. Jibu likaja: "Huyo ana sababu ya kusema hivyo. Niambiwe na mwenye kitabu."

Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kwa Mwalimu.

Alifungua mlango, viatu vilevile, kifua kimezidi kubana. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba." Akanitazama. "Najua umekuja kugombana. Ingia, ugombane umekaa."

"Sikai. Kwa nini hukumwambia?"

Hakujifanya kusahau, hilo nampa. Alisema, "Ningemwambia Mwamini anarudi, angekuruhusu kwa sababu anarudi. Kila hatua yako angekukumbusha. Angekushikilia kwa mwisho ule maisha yako yote."

"Angenishikilia nina cheti."

Akanisogezea kiti, nikakiacha.

"Ulikuwa unanilinda na nini, Mwalimu? Na baba yangu? Baba yangu namjua. Ungesema neno moja, uongo au kweli, ningebaki shule. Ningekuja kugombana na baba baadaye, kwa pesa yangu mwenyewe. Ugomvi ule ulikuwa wangu, na wewe ukaufanya somo."

Mtoto akaamka akaanza kulia, nikamtingisha. Mwalimu akaangalia chini.

"Usiongee na sakafu," nikamwambia.

Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikumwonea huruma, nilikuwa na shughuli. Nikamweleza habari za mdogo wangu. Akaingia ndani akatoka na kile kitabu. Alishakiunganisha tena, sura zote, kwa uzi wa magunia, kimevimba kama mkate. Akafunga mlango, tukatoka.

Njiani tulikutana na ng'ombe. Alishika kanga yangu kwa nyuma, karibu na mguu wa mtoto, na hakuiachia mpaka kundi likaisha lote. Hakuna aliyecheka.

Baba alikuwa uani anachonga mzinga wa nyuki. Aliniona mimi, akamwona mtoto, akaliweka tezo chini. Mwalimu akamwamkia, akasimama kwanza kama baba alivyofanya siku ile, kisha akakaa. Hakueleza kitu. Alifungua sura ya mwisho akaanza kusoma kwa sauti. Kifua kilimkatiza mara kwa mara, na kila kikimkatiza alijinong'oneza kitu nisichokisikia na kurudi juu ya ukurasa. Mama alitoka jikoni, mdogo wangu alikuwa bado kisimani. Baba alichonga kidogo, akaacha. Mwamini akafika kwao, akamkuta baba yake kitandani, akavua kanga ya safari akashika ndoo. Mwalimu akafunga kitabu.

"Kumbe alirudi," baba akasema.

"Alirudi, Mzee."

"Ungeniambia siku ile."

"Ningekwambia," akasema Mwalimu.

Hapo mambo yangeishia pazuri. Lakini yeye ni yeye. Akavuta pumzi, akasema, "Ila nisikudanganye, Mzee. Hicho ni kitabu. Huyo binti yako ukimpeleka, anaweza asirudi. Wapo wasiorudi."

Ningeweza kumpiga. Naapa, mbele ya wazazi wangu, mtoto mgongoni, ningeweza kumpiga mwalimu wangu. Mama akashika kichwa. Baba akapangusa tezo kwa kidole, upande mmoja na upande mwingine.

"Yule niliyemzuia," akasema, bila kuniangalia, "naye hakurudi. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona mjukuu wangu."

Kuku walikuwa wanaparura pale penye vumbi la mti.

Kisha mdogo wangu akaingia na ndoo ya maji, baba akamwambia alete sanduku. Sanduku langu la bati. Walikuwa wameliwekea mbegu za karanga, limejaa mpaka juu, na kwa ndani ya kifuniko jina langu bado lipo, kwa rangi nyeupe. Mdogo wangu akaliburuta hadi uani. Akakiona kitabu mapajani kwa Mwalimu.

"Dada, ndicho hicho?"

"Ndicho. Anatoroka, anakaa kwa mama yake mdogo, baba yake anaugua, anarudi, wanapatana, anakuwa mkunga. Umesikia?"

"Sasa umeniharibia," akasema mdogo wangu.

"Ndiyo."

Nikamtazama Mwalimu, nione kama atathubutu kunikalisha barazani. Alikuwa ananitazama, uso juu, midomo imebanana. Nikamshusha mtoto, nikampa baba ampakate, maana sanduku lilikuwa zito, kisha nikalishika upande wa pili, tukalipindua na mdogo wangu, tukazimwaga mbegu.